Kwa Nini DVD ya Nyumbani Hukataa Kucheza?

Wako watu wasemao kwamba DVD ni kitu kilichopitwa na wakati, kwa kuwa siku hizi mtu aweza kutazama picha katika simu yake. Huenda ni kweli kwa watu wa mijini. Lakini huku kwetu mashariki mwa Uganda, karibu na mpaka wa Busia, bado ziko nyumba zenye televisheni na deki, na wazee hawana haja ya simu kubwa. Kwa hiyo arusi, jubilei na hata mazishi hutiwa katika DVD ili jamaa wote wakae pamoja sebuleni na kutazama.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita, nami nimo katika chama cha kompyuta cha shule yetu. Kila likizo majirani huniletea DVD zisizocheza. Mmoja hulaumu deki, mwingine hulaumu DVD yenyewe, na wa tatu hukimbilia dukani kununua nyingine za bei kubwa. Lakini wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Mara nyingi kosa halimo katika chombo, bali limo katika kazi iliyotangulia. Nia yangu ni kuwaelezeni jinsi ya kulitafuta kosa hilo hatua kwa hatua, bila kubahatisha.

KAZI TATU, SI MOJA

Kwanza yafaa tujue DVD ni kitu gani. Ilianza kuuzwa nchini Japani mwaka 1996. Upana wake ni sentimeta 12, na unene wake ni milimeta 1.2 tu, nao ni wa vipande viwili vilivyogandishwa pamoja. Katika DVD tupu ya kuchomea mna utando mwembamba wa rangi. Mwanga mwekundu wa leza huuunguza utando huo na kuacha alama ndogo sana, na deki huzisoma alama hizo. Ndiyo sababu twasema “kuchoma”. DVD ya kawaida ikisha kuchomwa haifutiki, kama vile kuni iliyoungua isivyoweza kurudi kuwa mti.

Basi, kutoka picha iliyo katika kamera mpaka picha iliyo katika televisheni, kuna kazi tatu. Ya kwanza ni kuigeuza picha iwe ya aina ijulikanayo na deki. Ya pili ni kuipanga katika folda zenye majina maalum, pamoja na ukurasa wa kuchagulia. Ya tatu ndiyo kuchoma. Programu nyingi hufanya zote tatu kwa kubonyeza mahali pamoja, na hapo ndipo watu wanapodanganyika wakidhani ni kazi moja. Mahindi husagwa yakawa unga, unga ukasongwa ukawa ugali, ugali ukapakuliwa. Ukila ugali wenye mchanga, usiilaumu sahani. Tazama kwanza unga.

DVD YENYE MAFAILI TU

Kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote ni hili: mtu huchukua faili la MP4 kutoka simu, akalinakili katika DVD kama anavyolinakili katika flashi. Kompyuta hulifungua bila shida, lakini deki nyingi za zamani hazilijui faili hilo, nazo hukataa.

Jambo hili lilitupata nyumbani. Mwaka 2019 babu na bibi walifanya jubilei ya miaka 50 ya ndoa yao. Kijana mmoja aliipiga picha sherehe kwa simu, akatupa DVD moja. Deki ya mjomba ikaikataa, nayo ikawekwa kabatini kama kitu kilichoharibika. Babu alifariki mwaka 2021. Mama alipomwendea yule kijana kuomba nakala nyingine, akaambiwa kwamba picha zile zilikwisha kufutwa zamani katika simu. Basi sauti ya babu akiwabariki wajukuu wake ilikuwa katika DVD ile tu, wala hapakuwa na nyingine duniani.

Mama alinipa niende nayo shuleni. Nilipoitia katika kompyuta, nilikuta mafaili sita ya MP4, yote mazima, jumla ya dakika 50. DVD haikuwa na ugonjwa wowote. Kazi ya kwanza na ya pili ndizo zilizokuwa hazijafanywa kabisa. Neno la kwanza nililofanya ni kuyanakili mafaili yale mahali pawili, kabla sijagusa kitu kingine. Fanyeni hivyo daima.

Kwa hiyo, DVD ikikataliwa na deki, ifungue kwanza katika kompyuta. Ukiona folda iitwayo VIDEO_TS, na ndani yake mafaili ya IFO, BUP na VOB, basi imepangwa kama DVD ya kweli. Usipoiona folda hiyo, umekwisha kulipata kosa.

MAKOSA YA KUGEUZA

Deki hutaka picha ya aina ya MPEG-2. Katika nchi zetu zilizokuwa zikitumia PAL, picha hiyo huwa na nukta 720 kwa upana na 576 kwa urefu, na picha 25 kwa kila sekunde. Sauti nayo hutakiwa kupimwa mara 48,000 kwa sekunde. Ikiwa imetoka katika CD ya muziki, ambayo hupimwa mara 44,100, hapana budi igeuzwe.

Kosa kubwa hapa ni sauti kuachana na midomo. Kabla ya kutengeneza, tazama inaachana namna gani. Kama tofauti ni ileile tangu mwanzo hadi mwisho, tuseme nusu sekunde, basi sauti imeanzishwa mapema au imechelewa, nawe waisogeza tu. Lakini kama mwanzo ni sawa, na tofauti inazidi kukua kadiri picha inavyoendelea, kosa ni la hesabu ya picha. Simu nyingi hazipigi picha kwa mwendo mmoja. Mahali penye mwanga hupiga 30 kwa sekunde, na gizani hupunguza. Programu ya DVD ikidhani mwendo ni mmoja, sauti hupotea kidogo kidogo. Ndivyo ilivyokuwa kwa babu: alianza vizuri, lakini alipofika kwenye baraka, midomo yake ilikuwa imekwisha kufunga na sauti ilikuwa bado inasema. Dawa yake ni kuyapitisha mafaili kwanza katika programu kama HandBrake, ambayo hutolewa bure, na kuiamuru itoe picha 25 kwa sekunde bila kubadilika. Baada ya hapo ndipo uyatie katika programu ya kupanga.

Jambo jingine ni ukubwa. DVD ya tabaka moja huchukua baiti bilioni 4.7. Kompyuta itakuonyesha gigabaiti 4.37, kwa kuwa huhesabu kwa 1,024 badala ya 1,000. Usidhani muuzaji amekupunja. Zidisha bilioni 4.7 kwa 8 ili upate biti, kisha gawanya kwa sekunde za picha yako. Saa mbili ni sekunde 7,200, na jibu ni kama biti milioni 5.2 kwa sekunde, kwa picha na sauti pamoja. Saa tatu hukupa kama milioni 3.5 tu, na picha za watu wanaocheza ngoma zitaanza kukatika vipande vipande kama vigae. Afadhali ugawe sherehe hiyo katika DVD mbili.

Wala usifikiri kwamba kuzidisha ndiko kufaulu. Sheria ya DVD haiiruhusu picha kupita biti milioni 9.8 kwa sekunde, na DVD zilizochomwa nyumbani huzisumbua deki hata kabla ya kufika hapo. Mimi sipiti milioni 8. Ukiona picha inakwama penye vurugu na mwendo wa haraka tu, lakini katika kompyuta inakwenda vizuri, jua kwamba umeilemea deki.

PIMA KABLA YA KUCHOMA

Hii ndiyo siri ambayo ningependa kila msomaji aishike. Usiiambie programu ichome mara moja. Iambie itoe faili moja la ISO, yaani mfano kamili wa DVD uliomo katika kompyuta. DVDStyler, ambayo pia ni ya bure, yaweza kufanya hivyo. Kisha lifungue faili hilo kwa VLC. Bonyeza kila mahali pa kuchagulia, tazama mwanzo, katikati na mwisho, sikiliza sauti. Hapo hujatumia DVD hata moja.

Ukiona kosa katika ISO, ni la kugeuza au la kupanga, na kununua DVD nyingine hakutasaidia kitu. ISO ikiwa safi na DVD ikawa mbovu, kosa ni la kuchoma, la DVD tupu au la deki. Kwa hatua hii moja umekwisha kuondoa nusu ya mashaka.

Kumbuka pia kwamba flashi nyingi zimetengenezwa kwa mtindo wa FAT32, ambao haupokei faili moja lifikalo gigabaiti 4. ISO ya DVD iliyojaa haitaingia, ingawa flashi ina nafasi tele. Itengeneze upya flashi kwa mtindo wa exFAT, lakini ondoa kwanza vitu vyako, maana vitafutika vyote.

MAKOSA YA KUCHOMA

Katika Windows, tangu Windows 7, faili la ISO laweza kuchomwa bila programu nyingine. Chagua pia kuhakikisha baada ya kuchoma, ili kompyuta isome tena ilichokiandika na kukilinganisha.

Usichome kwa mwendo wa mwisho. Mwendo wa 4 humaliza DVD iliyojaa kwa muda wa robo saa hivi, na robo saa si kitu. Wakati huo usifungue michezo wala kunakili mafaili mengine. Kama kompyuta ni ya betri, ijaze kwanza, kwa maana umeme ukikatika katikati, DVD hiyo hufai tena ila kuninginiza shambani kufukuzia ndege.

Kompyuta ikikataa tangu mwanzo na kusema kwamba imeshindwa kupima nguvu ya leza, maana yake ni hii: kabla ya kuchoma, leza hujaribu nguvu zake mahali padogo karibu na tundu la katikati. Ikishindwa hapo, DVD tupu ni mbaya au lenzi ina vumbi. Jaribu DVD ya aina nyingine. Zote zikikataliwa, safisha lenzi.

DVD huandikwa kutoka ndani kwenda nje. Kwa hiyo DVD iliyojaa ikicheza vizuri na kukwama karibu na mwisho, tazama ukingo wake: huenda una alama za vidole, au umepindika kwa jua, au mwendo wa kuchoma ulikuwa mkubwa mno. Tena usibandike karatasi juu yake, maana huifanya iyumbe inapozunguka. Andika kwa kalamu laini ya wino, upande wa juu tu.

Mwisho, DVD ikisomwa na kompyuta iliyoichoma lakini deki zote zikaikataa, huenda haikufungwa. Kufunga ni kuandika alama za mwisho zinazoiambia deki kwamba kazi imekwisha. Programu zichomazo ISO hufunga zenyewe, nayo ni faida nyingine ya kufuata njia hiyo.

MSIFUTE UPESI

DVD ya babu ilikamilika kabla ya likizo. Niliipima katika ISO, nikaichoma kwa mwendo wa 4, nikaijaribu katika deki ya shule, kisha katika deki ya mjomba. Nilichoma nne, kwa ajili ya bibi, mama, mjomba na shangazi aliyeko Kenya ng'ambo ya mpaka.

Lakini lau DVD ile ya kwanza ingalichanika au kupigwa na jua kabatini, elimu yangu yote isingalifaa kitu. Kwa hiyo nawasihi ninyi mnaopiga picha za watu: msifute kadi wala simu mpaka DVD imecheza katika deki ya mwenyewe, si katika kompyuta yenu tu. Na hata hapo, wapeni mafaili ya asili katika flashi. Nanyi mnaopokea, itieni DVD katika deki siku ileile mnayopewa, kabla hamjamlipa mtu fedha yote. Deki huharibika na DVD huzeeka, navyo hununuliwa tena. Sauti ya mzee aliyefariki haiuzwi dukani.