Kemometria na Ukweli wa Kidonge: Kwa Nini Programu Pekee Haitoshi

Katika barabara ya Mizingani, Mji Mkongwe wa Unguja, limesimama jengo lenye roshani za mbao zilizonakshiwa ambalo hujulikana kwa jina la Zahanati ya Kale. Msingi wake uliwekwa mwaka 1887 kwa fedha za mfanyabiashara Tharia Topan, na baadaye sehemu ya chini ikawa mahali pa kutolea dawa. Mtoa dawa wa zama hizo alikuwa na zana chache za kuukagua ubora wa alichokiuza: macho, pua, ulimi na mizani.

Leo zana hizo hazitoshi. Kidonge bandia huweza kufanana na kile halisi kwa rangi, umbo, nembo na hata kisanduku. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, bidhaa moja kati ya kila kumi za tiba huwa duni au bandia. Kwa Zanzibar jambo hili lina uzito wa pekee. Tangu mwaka 2003 visiwa hivi vimekuwa vikitumia dawa mseto zenye asili ya artemisinini, na pamoja na vyandarua na upuliziaji wa dawa majumbani, zimesaidia kushusha maambukizi ya malaria hadi chini ya asilimia 1. Kidonge chenye dawa pungufu humwacha mgonjwa na vimelea vilivyoonja dawa bila kufa, na hapo ndipo usugu hupata mwanya. Dalili za usugu wa awamu ya kwanza dhidi ya artemisinini zimekwisha kuthibitishwa mkoani Kagera, Tanzania Bara.

Ndiyo maana vifaa vidogo vya kupima dawa kwa mwanga, vinavyoshikika mkononi, vimepokewa kwa matumaini makubwa. Ndani ya kila kifaa cha aina hiyo kuna elimu isiyoonekana, nayo inaitwa kemometria.

Kemometria ni nini?

Kemometria ni matumizi ya hisabati na takwimu katika kuchota maana kutoka kwenye vipimo vya kikemia. Jina lenyewe lilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na Svante Wold wa Sweden, ambaye pamoja na Mmarekani Bruce Kowalski aliasisi chama cha kimataifa cha fani hii mwaka 1974. Mizizi yake ni ya zamani zaidi: mbinu ya viambajengo vikuu, iliyo msingi wa fani nzima, ilielezwa na Karl Pearson mwaka 1901.

Ili kuielewa mbinu hiyo, fikiria karafuu. Mafuta ya karafuu yana kemikali nyingi, lakini sehemu kubwa zaidi ni eujeno, ile inayotoa harufu kali ambayo kila mkazi wa Unguja na Pemba anaijua. Mkemia akipima sampuli mia moja za mafuta hayo, na kila sampuli ikampa namba elfu moja, atakuwa na namba laki moja mezani. Hakuna jicho linaloweza kuzisoma zote. Hata hivyo, nyingi hupanda na kushuka pamoja, kwa kuwa chanzo chake ni kimoja: eujeno ikizidi, namba mamia huzidi nayo. Mbinu ya viambajengo vikuu hutafuta mielekeo hiyo michache inayobeba tofauti nyingi, kisha huichora kwenye karatasi moja. Sampuli zinazofanana hukaa karibu, na ile ya kigeni hujitenga peke yake.

Kifaa cha kupima vidonge hufanya jambo lilo hilo. Humulika kidonge kwa miale ya infraredi ya karibu, yenye urefu wa mawimbi kati ya nanomita 780 na 2500, kisha hupima kiasi cha mwanga kinachorudi. Mchoro unaopatikana huitwa spektra. Programu huilinganisha na spektra za vidonge vilivyothibitishwa, na kwa sekunde chache hutoa jibu: kimekubaliwa au kimekataliwa. Kidonge hakivunjwi wala hakuna kemikali inayomwagwa.

Pale modeli inapokariri

Tatizo ni kwamba programu haina haya ya kujibu. Ikipewa data nzuri itajibu, na ikipewa data mbovu itajibu kwa kujiamini kule kule. Anayepaswa kujua tofauti ni binadamu.

Mfano wa kwanza ni maji. Katika infraredi ya karibu, maji hunyonya mwanga kwa nguvu karibu na nanomita 1450 na 1940. Unguja ni kisiwa chenye unyevu mwingi, hasa wakati wa masika, na vidonge vilivyotolewa kwenye pakiti hunyonya unyevu huo. Tuseme mtafiti anakusanya vidonge halali kutoka bohari yenye kiyoyozi, na vile vya kutiliwa shaka kutoka maduka madogo yenye joto. Programu itayatenganisha makundi hayo mawili kwa ufasaha wa ajabu, na mtafiti atafurahi. Lakini huenda ilichojifunza ni unyevu tu: imetenganisha bohari na duka, si dawa halisi na dawa bandia. Siku itakapoletewa kidonge bandia kilichohifadhiwa mahali pakavu, itakipitisha.

Mfano wa pili ni wa kiwango. Kidonge cha kawaida cha dawa mseto ya malaria kina miligramu 20 za artemeta na miligramu 120 za lumefantrini. Kiambato kimoja ni mara sita ya kingine, kwa hiyo sauti ya lumefantrini katika spektra huweza kuifunika ile ya artemeta. Modeli iliyofundishwa bila kuonyeshwa vidonge vyenye upungufu wa artemeta pekee inaweza kuridhika na lumefantrini, ikasema kidonge ni kizima, ilhali sehemu inayoua vimelea kwa haraka haimo.

Mfano wa tatu ni wa mtihani. Modeli inapofundishwa hubakizwa sampuli za kuipima. Mara nyingi mchambuzi huchukua vidonge vitatu vya pakiti moja, humulika kila kimoja mara tatu, kisha huzigawa spektra hizo tisa bila mpangilio: nyingine za kufundishia, nyingine za kupimia. Hapo modeli inapimwa kwa maswali iliyokwisha kuyaona. Ni sawa na mwanafunzi aliyepewa mtihani wenye maswali yale yale ya zoezi la jana. Alama zake zitakuwa za juu, lakini hakuelewa, amekariri. Kanuni njema ni kugawa kwa toleo la dawa: toleo lililotumika kufundishia lisionekane kabisa kwenye mtihani. Hata matayarisho ya data, kama kusawazisha na kuchuja, yajifunzwe kutoka sampuli za kufundishia pekee, kisha yatumike kwa nyinginezo.

Funzo la Ifakara

Pengo kati ya maabara na uwanjani limeshuhudiwa Tanzania yenyewe. Mwaka 2009 watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara na washirika wao, wakiongozwa na Valeriana Mayagaya, walichapisha matokeo ya kutumia infraredi ya karibu kutambua mbu wa Anopheles. Spishi mbili zisizotofautishika kwa macho zilitenganishwa kwa usahihi wa karibu asilimia 100 pale mbu walipokuwa wa kufugwa. Kwa mbu waliokamatwa porini usahihi ulikuwa karibu asilimia 80.

Kushuka huko hakukuwa aibu, na watafiti walikitaja kiwango hicho waziwazi. Mbu wa porini hula vyakula tofauti na huishi katika joto na unyevu unaobadilika. Vidonge navyo vina maisha yake: kiwanda, meli, bandari ya Malindi, bohari, duka, na mfuko wa mgonjwa. Modeli isiyopimwa kwa sampuli zilizopitia safari hiyo ni ya maabara, haijawa ya Unguja.

Maana ya asilimia 90

Kwa tabibu na mfamasia, hesabu ifuatayo ni muhimu. Tuchukue mfano wa pakiti 1000, ambazo 20 kati yake ni mbovu. Kifaa kinazinasa mbovu kwa asilimia 90 na kuzikubali nzima kwa asilimia 90. Kitanasa mbovu 18 na kuziacha mbili zipite. Lakini kati ya pakiti nzima 980, kitazikataa 98 bila kosa lake lolote la kiufundi. Jumla ya zilizokataliwa ni 116, na zilizo mbovu kweli ni 18 tu.

Kwa hiyo jibu la kifaa ni tuhuma, bado si hukumu. Kidonge kilichokataliwa kinapaswa kupelekwa kwenye kipimo cha rejea, kama kromatografia ya kimiminika, kabla mwenye duka hajaitwa mhalifu na kabla shehena haijateketezwa. Na pakiti zilizokubaliwa nazo zichukuliwe chache mara kwa mara zihakikiwe, maana makosa ya upande huo hayapigi kelele.

Programu zipo, watu je?

Programu za kemometria si haba. SIMCA ilitokana na kazi za Wold huko Umeå, Unscrambler ilitoka Norway, na PLS_Toolbox hutumika ndani ya MATLAB. Zote hulipiwa. Kwa upande mwingine, R na Python ni za bure, na zinafanya karibu kila kazi inayohitajika. R, iliyoanzishwa nchini New Zealand na Ross Ihaka na Robert Gentleman, ina faida nyingine: kila hatua huandikwa kama maelezo yanayobaki, hivyo mwenzako anaweza kuirudia kazi yote na kuona kosa lilipoingia. Kazi iliyofanywa kwa kubofya vitufe bila kuandika hatua zake haiachi nyayo.

Kinachopungua ni mafunzo, na mafunzo yenyewe hayaanzii kwenye kompyuta. Yanaanzia kwenye sampuli. Mnunuzi wa karafuu haridhiki na chembe za juu ya gunia. Huchoma bambo hadi katikati ili aone kilichofichwa. Mchambuzi wa dawa naye hana budi ajiulize: sampuli zimetoka maduka gani, matoleo mangapi, msimu upi? Je, zimo za masika na za kiangazi, za mjini na za mashamba? Baada ya hapo ndipo ajifunze kusoma mchoro wa viambajengo vikuu, kutambua sampuli ya kigeni badala ya kuifuta kwa kuwa inaharibu picha, na kuchagua modeli ndogo inayotosha. Modeli yenye viambajengo vingi mno huanza kukariri kelele za kifaa.

Mafunzo ya namna hii yanafaa kuwakutanisha watu ambao kwa kawaida hawakai darasa moja: mkemia wa maabara ya serikali, mkaguzi wa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, mfamasia wa hospitali, na mwanafunzi wa kemia wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Mkaguzi anajua maduka, mfamasia anajua wagonjwa, mkemia anajua kipimo. Modeli nzuri inawahitaji wote, na inahitaji kupimwa upya kila kifaa kinapobadilishwa, kiwanda kinapobadili viambato vya kujazia, au angalau kila msimu.

Kwa msomaji wa kawaida

Mgonjwa hahitaji kujua hisabati hizi, lakini ana nafasi yake. Anunue dawa katika maduka yaliyosajiliwa, aangalie tarehe ya mwisho wa matumizi, na aviache vidonge ndani ya pakiti yake hadi wakati wa kuvimeza. Homa isipopungua ndani ya siku tatu za dozi kamili ya dawa ya malaria, au hali ikizidi kuwa mbaya kabla ya hapo, arudi kituo cha afya haraka, na aende na pakiti na vidonge vilivyobaki. Namba ya toleo iliyoandikwa kwenye pakiti hiyo humwezesha mkaguzi kulifuatilia toleo zima, na vidonge vyenyewe, vikithibitishwa maabara, huwa sampuli ambayo modeli ya kesho itajifunzia.