Mtoto ana homa: mkono hautoshi, tumia kipimajoto

Leo tuongee kuhusu homa za watoto, maana kina mama wengi huniambia, "Dada, nimemshika, anachemka." Nami huuliza, anachemka kiasi gani? Kimya. Na hilo ndilo swali utakaloulizwa ukipiga 111 hapa Uingereza usiku wa manane.

Mkono unadanganya. Ukiingia ndani kutoka kwenye baridi, viganja vimeganda, kila mtoto utamwona wa moto. Nunua kipimajoto cha dijitali duka la dawa, si ghali. Vile vya kioo vyenye zebaki, ambavyo tulipokuwa wanafunzi wa uuguzi nyumbani tulivikung'uta mpaka mkono unauma, achaneni navyo. Vikivunjika, zebaki ni sumu.

Mtoto wa chini ya miaka 5 mpime kwapani. Mfute jasho, ncha iguse ngozi na si nguo, kisha shikilia mkono wake ubavuni mpaka kipimajoto kilie. Asiwe ametoka kuoga au kwenye mablanketi sasa hivi.

Nyuzi 38 za Selsiasi na kuendelea ni homa. Kwa mlioko Marekani, hiyo ni 100.4 ya Farenhaiti. Mtoto ambaye hajatimiza miezi 3 akifika 38, usimpe dawa kwanza uone, wala usisubiri kuche. Aonwe na daktari haraka. Wa miezi 3 hadi 6, ni 39. Lakini mtoto aliyelegea, anayepumua kwa shida, au mwenye madoa yasiyofifia ukiyakandamiza kwa glasi, piga 999 hata kama kipimajoto kinasoma 37.

Andika kila kipimo na saa yake, na saa uliyompa dawa. Nasisitiza hili kwa sababu ya malaria. Homa yake hupanda na kushuka. Mnafika hospitali imeshuka, mtoto anacheza, mnarudishwa nyumbani, na hakuna aliyewauliza kama mwezi uliopita mlikuwa Tanga kwa bibi. Semeni wenyewe: "Tumetoka Afrika, naomba apimwe malaria leo." Semeni hata kama imepita miezi, hata mwaka, na hata kama mlimeza vidonge vya kinga. Watoto waliozaliwa huku hawana kinga tuliyokuwa nayo sisi utotoni, na sisi wenyewe tumeshaipoteza. Ile karatasi yenye 39.6 ya saa nane usiku, mwonyesheni daktari.