Tofaa Liwe na Mlio

Katika matunda yote yanayopangwa kwa madaha kwenye meza za wachuuzi wa Kariakoo na Mombasa, sidhani kama liko linalomhadaa mnunuzi kwa uso wake kuliko tofaa. Kwani embe likiharibika hujitangaza lenyewe kwa harufu na madoa, ilhali tofaa lililokwisha kupoteza uhai wake huweza kukaa siku nyingi likimetameta kwa wekundu, na ndani yake mkawa mna unga mtupu.

Fahari ya tofaa, kwa hukumu yangu, si sukari yake bali ni mlio wake menoni. Nyama yake imejengwa kwa chembe ndogo mno zilizojaa maji, zilizoshikamanishwa na gundi ya asili iitwayo pektini, na baina yake mna hewa ipatayo robo ya ujazo wa tunda, ndiyo sababu tofaa likitiwa majini huelea. Likiwa bado imara, jino huzipasua chembe hizo na maji yakafoka kinywani. Lakini siku zikipita, hasa penye joto, gundi ile hulegea, na chembe, badala ya kupasuka, huachana tu zingali nzima na maji yake ndani, hata mlaji akadhani anatafuna kitu kikavu.

Basi asiyependa kuhadaika asiamini wekundu, maana huo ni kazi ya jua na ya aina ya mti. Red Delicious ya Marekani ilichaguliwa miaka mingi kwa ajili ya rangi, na ladha ikaachwa nyuma. Tazama rangi iliyo chini ya wekundu, karibu na kikonyo: kijani kinachoelekea manjano ni dalili njema. Granny Smith, iliyotoka Australia katika shamba la Maria Ann Smith, ni kijani hata ikiiva, kwa hiyo ipime kwa mkono: iwe nzito, ngumu, na ganda lisilo na mikunjo. Walakini usiibonyeze kwa kidole gumba, kwani jeraha hilo humwachia hasara mnunuzi ajaye.

Matofaa mengi ya madukani kwetu hutoka Afrika Kusini, nako huchumwa aghalabu baina ya Februari na Mei. Linalonunuliwa Desemba, basi, huenda limekaa ghalani miezi kadha, katika baridi na hewa iliyopunguzwa oksijeni. Hilo si aibu, maadamu baridi haikukatika njiani. Na mwenye kubahatika kupata ya Lushoto, yaliyotoka mtini karibuni, asiyadharau kwa udogo wake.

Nyumbani yatiwe katika friji, ndani ya mfuko, mbali na mboga za majani, kwani hutoa gesi ya ethilini inayozigeuza manjano upesi. Yaliwe yangali baridi, pamoja na maganda yaliyooshwa vema. Nunua machache, uyamalize mapema, na mchuuzi anayeyaanika juani mchana kutwa mpite, hata akikupunguzia bei.