Kiwanda kitafunguliwa! Nani kasema?

Msafiri atokaye Msambweni kwenda Lunga Lunga hupita Ramisi. Kwa miaka mingi alichokiona hapo ni gofu la kiwanda cha sukari, na kichaka kilichomea palipokuwa na miwa. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka wa 1988. Mishahara ikakoma, lakini habari hazikukoma: kiwanda kitafunguliwa.

Nani kasema? Msomaji, hilo ndilo swali ambalo wengi wetu husahau kuuliza, na si kwa sababu ya ujinga. Akili ya mwanadamu ndivyo ilivyoumbwa.

Wataalamu wawili wa Marekani, Gordon Allport na Leo Postman, walichapisha kitabu kuhusu uvumi mwaka wa 1947. Walisema uvumi huhitaji mambo mawili ili ustawi: jambo lenyewe liwe na uzito kwa msikilizaji, na ukweli wake uwe haujulikani wazi. Moja likikosekana, uvumi hufa. Sasa mfikirie baba wa Ramisi aliyeachishwa kazi. Watoto wanadaiwa karo, dukani ana deni, na hakuna afisa wa kumweleza waziwazi kama kazi itarudi au haitarudi. Abaki angoje, au afunge mzigo akatafute kibarua Ukunda ama Mombasa? Kwake yeye, fununu iliyoshuka kwenye matatu ni ya kupokewa kwa mikono miwili.

Tena fununu hiyo haisikiki mara moja. Huisikia sokoni, kisha msikitini, kisha kwa shemeji yake. Mwaka wa 1977 watafiti Lynn Hasher, David Goldstein na Thomas Toppino waliwapa wanafunzi wa chuo huko Marekani sentensi kadhaa, nyingine za kweli na nyingine za uongo, katika vikao vitatu vilivyopishana kwa majuma mawili. Sentensi zilizorudiwa zilizidi kuonekana za kweli kila kikao, hata zile za uongo! Akili hulichukulia neno lililozoeleka kama rafiki wa zamani, haliulizi litokako. Kumbe pengine wale watu watatu waliokupa habari waliitoa kwa mtu mmoja.

Mtaalamu mwingine wa Marekani, Daniel Gilbert, alifanya majaribio yake karibu na mwaka wa 1990 kufuata wazo la mwanafalsafa Spinoza wa karne ya 17. Alieleza kwamba kulielewa neno na kuliamini huja pamoja. Kulitilia shaka huja baadaye, nako ni kazi. Mtu akishughulishwa na jambo jingine wakati anaposikia habari, uongo humpita ukakaa kama kweli. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, tapeli hupenda kukuharakisha. Na mtu mwenye njaa ana shughuli nyingi kichwani kuliko sote.

Lakini Ramisi palitokea jambo ambalo majaribio hayo hayakuligusa. Neno lilirudiwa mpaka likageuka. Ahadi isiyo na tarehe haifi, kwa kuwa hakuna siku ya kuiumbua. Ile yenye tarehe, siku ikipita bure, humharibia jina aliyeitoa, na pamoja naye yeyote atakayekuja baada yake na neno kama lilo hilo. Kiwanda kipya cha sukari kilipoanza kusaga miwa Kwale, robo karne na zaidi ilikuwa imepita tangu 1988. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na sioni haki ya kumlaumu mzee aliyesema hataamini mpaka auone moshi. Hasara ni kwamba shaka nayo ina gharama yake: aliyekwisha kuondoka hayupo kibarua cha kweli kinapotangazwa.

Wanaolijua hili kuliko wengine ni Wamakonde. Wazee wao walitoka Msumbiji kuanzia miaka ya 1930 kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya huku. Watoto na wajukuu wakazaliwa Kwale, lakini bila vitambulisho vya Kenya. Huna kitambulisho, hufungui akaunti ya benki, huajiriwi kazi ya maana, hupigi kura. Waliambiwa wangoje, wakangoja, serikali moja baada ya nyingine.

Oktoba 2016 walifunga safari kutoka Kwale kwenda Nairobi, wengine kwa miguu, wamwone Rais Uhuru Kenyatta uso kwa uso. Hawakutaka tena habari za kuletewa. Rais aliomba radhi kwa kucheleweshwa kwao, akatoa amri waandikishwe kabla ya Desemba mwaka huohuo. Hii sasa ilikuwa ahadi yenye tarehe, tena kutoka kinywani mwa mtu waliyemwona kwa macho. Lakini ukiwa umengoja tangu ujana mpaka mvi, hata hilo unalisikia kwa sikio moja.

Februari 2017 Rais alifika Kwale akawakabidhi vitambulisho. Kadi ile ina jina lako na picha yako, na unaweza kuishika mkononi, kuigeuza na kuitazama nyuma.