Maudhi ya Dawa Hutangulia, Nafuu Hufuata

Mgonjwa wa sonona anayeishi Muyinga mara nyingi hana budi kufuata tiba mbali. Kituo cha magonjwa ya akili cha Kamenge, mjini Bujumbura, kilianzishwa mwaka 1981, nacho kina tawi Gitega. Mtu akishalipa nauli na kupewa dawa, jamaa zake hutazamia arudi na nafuu. Badala yake, wiki ya kwanza huleta taabu mpya. Hapo ndipo dawa hutupwa, na hapo ndipo elimu inapohitajika.

Ieleweke kwamba dawa hizi si kama aspirini, inayotuliza kichwa kwa muda mfupi. Nafuu huonekana baada ya wiki 2 hadi 4, pengine zaidi. Lakini maudhi huanza siku za mwanzo. Amitriptilini hukausha kinywa, hufunga choo, huleta usingizi, na kizunguzungu mtu anaposimama ghafla. Fluoksetini huleta kichefuchefu, maumivu ya kichwa na kukosa usingizi. Mengi ya hayo hupungua mwili unapozoea.

Maji, maharagwe, mboga na matunda husaidia kinywa na choo. Mwenye kizunguzungu aketi kwanza kitandani kabla ya kusimama. Amitriptilini humezwa usiku, kwa hiyo haigongani na saumu ya Ramadhani. Fluoksetini humezwa asubuhi, naye aliyefunga amwulize mganga kama aimeze wakati wa daku. Pombe, iwe urwarwa au ya kiwandani, iepukwe, maana huzidisha usingizi na huzuni yenyewe.

Yako mambo yasiyovumiliwa: mapigo ya moyo yasiyo sawa, mkojo kuziba, fadhaa kali, na hasa mawazo ya kujiua, ambayo kwa vijana yaweza kuzidi mwanzoni. Mgonjwa huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Amitriptilini nyingi kwa mara moja huua; basi jamaa anayeaminika aitunze, mbali na watoto na mbali na aliyekata tamaa.

Wala kupata nafuu si ruhusa ya kuacha. Dawa huendelea miezi 6 au zaidi, kisha hupunguzwa kidogo kidogo kwa maagizo ya mganga.

Wajibu wa kwanza ni wa mwenye kutoa dawa: aeleze yote haya, kwa Kirundi au kwa Kiswahili, kabla mgonjwa hajapanda gari la kurudi. Aliyeonywa huvumilia, asiyeonywa hudhani amelishwa sumu.