Saa ya Mkono na Sahani ya Bukari

Siku hizi mjini Kolwezi, Jumapili watu watokapo Misani, twaona mikononi mwa baadhi yao saa za namna mpya. Saa hizo hazionyeshi majira tu. Zahesabu hatua, zapima mapigo ya moyo, tena zamwambia mvaaji ametumia kalori ngapi tangu alfajiri. Mtu aliyeambiwa na daktari apunguze uzito huzinunua kwa matumaini makubwa. Wasomaji wapenzi, je, fedha ile imenunua afya, au imenunua pambo? Neno hili lastahili kuchunguzwa, maana kisukari na shinikizo la damu vimekwisha kuingia katika nyumba zetu, na uzito uliozidi ni mmojawapo wa milango viingiamo.

Posho ya zamani

Hesabu ya kalori si jambo geni katika nchi ya Lualaba. Kampuni ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilijenga Kolwezi mwaka 1937 ili uwe makao ya migodi yake ya magharibi. Katika kambi zake mfanyakazi alipokea posho ya chakula, na mke na watoto nao walikuwa na sehemu yao. Posho hiyo haikugawiwa kwa kukisia tu. Madaktari wa kampuni walihesabu kalori zake, wakijua ya kuwa mtu ashikaye sururu na koleo kutwa nzima asipokula vya kutosha, nguvu humwishia na kazi husimama. Hesabu ile ilifanywa na tajiri kwa faida ya kazi, na shabaha yake ilikuwa mtu asipungue.

Mwaka 1967 migodi ilishikwa na serikali, na baadaye kampuni ikaitwa Gécamines. Mambo mengi yamegeuka tangu hapo, na mashine zimechukua mahali pa mikono mingi. Mtu ambaye babu yake alipiga sururu, leo huenda ameketi kutwa katika gari kubwa la mgodi, au mbele ya kompyuta. Lakini sahani yake ya bukari ni ileile ya babu. Ndiyo sababu leo hesabu yafanywa na mtu mwenyewe, na shabaha yake ni kupungua.

Kalori ni kitu gani?

Kalori ni kipimo cha nguvu, kama vile kilo ilivyo kipimo cha uzito. Kalori moja ya chakula ni joto litoshalo kuongeza digrii moja katika kilo moja ya maji. Katika miaka ya 1890 mtaalamu wa Marekani, Wilbur Atwater, akisaidiwa na wenzake, alijenga katika mji wa Middletown chumba kidogo kilichozibwa vizuri. Mtu aliingizwa humo akakaa siku kadhaa, akala, akalala, akafanya kazi, huku joto la mwili wake na pumzi zake vikipimwa. Kwa njia hiyo ilionekana wazi kwamba nguvu iingiayo mwilini kwa chakula haipotei: hutoka kwa joto na kwa kazi, na ile isiyotumika huwekwa akiba. Akiba hiyo ndiyo mafuta tuyaonayo kiunoni.

Saa ya mkono haina chumba cha namna hiyo. Ina kifaa kidogo kisikiacho mtikiso wa mkono, na taa ya kijani imulikayo ngozi ili kutambua jinsi damu ipitavyo mishipani. Kwa alama hizo mbili, pamoja na umri, urefu na uzito ambavyo mwenyewe ameiambia, saa yakadiria kalori zilizotumika. Wasomaji wetu na walishike neno hili: yakadiria, haipimi.

Makosa ya saa

Mwaka 2017 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford, huko Marekani, walitoa habari za majaribio waliyofanya kwa watu 60 na saa za namna 7. Katika kuhesabu mapigo ya moyo, nyingi za saa hizo zilifanya vizuri, zikikosea kwa asilimia 5 au chini yake. Lakini katika kalori, hata ile iliyokuwa bora kuliko zote ilikosea kwa asilimia 27, na ile iliyokuwa ya mwisho ilikosea kwa asilimia 93. Tena waliona kwamba makosa huzidi kwa watu wenye mwili mkubwa na kwa wenye ngozi nyeusi zaidi. Hilo latuhusu sisi.

Tutoe mfano. Baba mmoja atembea muda wa saa moja jioni. Tuseme mwili wake umetumia kalori 250, lakini saa yake yamwambia 350. Afurahi, akae na rafiki zake, anywe chupa moja kubwa ya bia, yenye kalori kama 300. Kwa hesabu ya saa bado amefaulu kwa kalori 50. Kwa hesabu ya mwili amekwisha kuzidisha 50. Wala si hizo tu: katika zile kalori 250, kama 80 angalizitumia hata kama angalikaa kitini nyumbani, maana moyo na mapafu havikomi kufanya kazi. Akifanya hivyo kila jioni, mwisho wa mwezi mizani itaonyesha ameongezeka, naye atasema saa imemdanganya. Kweli, saa imekosea. Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyeifanya iwe ruhusa ya kunywa.

Ushuhuda mwingine watoka Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Mwaka 2016 wataalamu wa huko walieleza jinsi walivyowafuata watu zaidi ya 400 kwa muda wa miaka 2. Wote walifundishwa kula kwa kiasi na kufanya mazoezi. Nusu yao wakapewa chombo cha kuvaa, nusu wakaendelea bila chombo. Mwishowe wale wasiokuwa na chombo walikuwa wamepungua kilo 5.9 kwa wastani, na wale wenye chombo kilo 3.5 tu. Wote walipungua, lakini chombo hakikuwashindia wengine.

Itumikeje?

Je, tuitupe saa hiyo? La. Ina faida yake, ikitumiwa kwa busara.

Kwanza, tuitumie kuhesabu hatua kuliko kalori, kwa kuwa katika hatua hukosea kidogo. Wengi wameambiwa kwamba ni lazima kutembea hatua 10,000 kila siku. Hesabu hiyo haikutoka kwa madaktari. Ilienea kutokana na kipimo cha hatua kilichouzwa nchini Japani mwaka 1965, ambacho jina lake lilikuwa na maana ya kipimo cha hatua elfu kumi. Afadhali kila mtu aanze na hesabu yake mwenyewe. Aliyezoea hatua 3,000 ajitahidi juma lijalo kufika 4,000, kisha aendelee polepole.

Pili, tusile malipo ya mazoezi. Hesabu ya kalori ionekanayo mkononi isimpe mtu ruhusa ya kuongeza sahani.

Tatu, tupime chakula kabla hakijaingia chunguni. Gramu 100 za unga wa mahindi zina kalori kama 360, na kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kama 120. Sombe ni mboga njema sana, lakini mafuta yakielea juu yake, vijiko vitatu tu vimekwisha kuleta kalori sawa na zile za unga wa gramu 100. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Ndivyo mwili nao unavyojazwa.

Nne, tupande mizani mara moja kwa juma, mizani ileile, asubuhi ya siku ileile, tuandike katika daftari. Asiyekuwa na saa asihuzunike. Daftari, kalamu na kamba ya kupimia kiuno vitamfaa sana.

Tano, agonjwaye kisukari na kutumia dawa, na mama mwenye mimba, wasipunguze chakula bila shauri la daktari. Nanyi wanafunzi, miili yenu ingali inakua. Chezeni mpira, nendeni shuleni kwa miguu, lakini msijinyime chakula kwa kuiga watu wazima.

Fadhila ya kiasi

Mtakatifu Toma wa Akwino alifundisha kwamba kiasi ni mojawapo ya fadhila nne kubwa, pamoja na busara, haki na nguvu. Kiasi si kuuchukia mwili, maana mwili ni kazi ya Mungu, na wakati wa ubatizo umetiwa alama yake. Kiasi ni kuitawala tamaa kwa akili. Saa yaweza kumwambia mtu mambo yaliyokwisha kupita. Uamuzi wa kuacha kijiko cha mwisho hauwezi kufanywa na chombo chochote.

Tena kuna jambo ambalo Mkristo wa Kolwezi hawezi kulisahau. Betri ndogo iliyomo ndani ya saa hiyo kwa kawaida hutengenezwa kwa lithiamu na kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima hutoka Kongo, sehemu kubwa katika jimbo letu hili la Lualaba. Mwaka 2014 katika mtaa wa Kasulo watu waligundua kobalti chini ya nyumba zao, wakachimba mashimo hata uani mwao. Mchimbaji wa mikono ashukaye shimoni bila kushiba hahitaji saa ya kumwambia kwamba kalori zimepungua. Tumbo lake lamwambia.

Kwa hiyo, baba au mama uliyeazimia kupungua, twakushauri hivi. Unga ule uliokuwa ukizidi katika chungu chako, upime kila siku, uuweke kando katika mfuko. Mfuko ukijaa, mpelekee jirani ambaye wanawe hulala na njaa. Kanisa limetufundisha hivyo tangu zamani katika mfungo wa Kwaresima, kwamba kile tunachojinyima kiwe riziki ya mwenzetu. Nayo ni hesabu ambayo nyumba yoyote yaweza kuianza jioni ya leo, yenye saa hiyo na isiyo nayo.