Uchunguzi wa Kimaabara wa Kichaa cha Mbwa kwa Wanyama: Tatizo la Safari ya Sampuli

Makala haya yanaeleza namna kichaa cha mbwa kinavyothibitishwa kwa wanyama, na yanatetea hoja kwamba katika nchi zetu udhaifu mkubwa wa uchunguzi huo hauko maabarani bali katika njia inayoifikisha sampuli huko. Mfano ni Uganda, ambako maabara ya taifa ya magonjwa ya wanyama iko Entebbe, ilhali Moroto, katika eneo la Karamoja, iko umbali wa zaidi ya kilomita 400 kwa barabara.

Dalili pekee hazitoshi. Mbwa aliyelishwa sumu anaweza kutokwa povu na kutetemeka, na ng'ombe mwenye kichaa mara nyingi hudhaniwa kuwa amekwamwa na kitu kooni, hata mfugaji au mganga wa mifugo akautia mkono wake mdomoni. Wala hakuna kipimo cha kutegemewa kwa mnyama aliye hai. Virusi husafiri ndani ya neva kuelekea kwenye ubongo, na kingamwili huchelewa mno kuonekana katika damu. Kwa hiyo uthibitisho hutafutwa kwenye ubongo baada ya mnyama kufa.

Mwaka 1903 Adelchi Negri alieleza vijipunje vinavyoonekana ndani ya seli za ubongo wa wanyama wagonjwa. Kwa miongo mingi vijipunje hivyo ndivyo vilivyokuwa ushahidi, ingawa havionekani katika kila mnyama aliyeambukizwa. Mwaka 1958 Goldwasser na Kissling walitumia kingamwili zilizoambatishwa rangi ing'aayo: tishu hupakwa juu ya kioo, hugandishwa kwa asetoni, kisha virusi vikiwapo huonekana kama nukta za kijani. Hadi leo kipimo hicho ndicho kigezo cha kulinganishia vingine, na majibu hupatikana kwa saa chache. Hata hivyo kinahitaji hadubini maalumu ya gharama kubwa, mtaalamu mzoefu, na ubongo ambao haujaoza.

Hapo ndipo tatizo linapoanza. Tishu zinazofaa zaidi ni shina la ubongo na ubongo mdogo wa nyuma. Mbwa anayeshukiwa, lakini, aghalabu huuawa kwa kupigwa rungu au risasi ya kichwa, na sehemu hizo zikaharibika. Kichwa kisichoharibika nacho huhitaji barafu, na joto la safari ndefu huuozesha ubongo. Anayejaribu kuuhifadhi kwa formalini hulizuia jaribio la kuotesha virusi na huvuruga kipimo cha kawaida.

Ufumbuzi wa sehemu upo. Si lazima fuvu lipasuliwe: tishu zinaweza kutolewa kwa mrija kupitia tundu la nyuma ya fuvu, pale linapoungana na shingo, kisha zikahifadhiwa katika mchanganyiko wa gliserini. Kuhusu kipimo chenyewe, utafiti uliofanyika Tanzania na kuchapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba kipimo cha haraka kinachosomwa kwa hadubini ya kawaida kilikubaliana na kile cha rangi ing'aayo, hata kwa sampuli zilizohifadhiwa muda mrefu katika gliserini. Virusi huonekana kama madoa mekundu juu ya usuli wa buluu, na kazi yote huchukua takribani saa moja. Kwa maoni yangu, hiki ndicho kinachostahili kupelekwa katika maabara za mikoani kabla ya mashine za kuchunguza vinasaba. Vipimo vya kaseti vinavutia kwa wepesi wake, ila ubora wake hutofautiana kati ya watengenezaji. Jibu lake hasi lisitumiwe peke yake.

Kwa washauri wa sera, jambo hili lina uzito wa pekee. Aliyeumwa aanze chanjo mara moja bila kungoja maabara. Jibu hasi la kuaminika linaweza baadaye kuruhusu dozi zilizosalia zisitishwe, na chanjo hiyo ikabakizwa kwa mwingine. Aidha, lengo la kimataifa ni kukomesha vifo vya binadamu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030. Wilaya isiyotuma sampuli haiwezi kutofautisha kutokuwapo kwa ugonjwa na ukimya wa taarifa. Bajeti za uchunguzi, basi, zitaje waziwazi chanjo ya kinga kwa watumishi wanaogusa vichwa hivyo, chupa za gliserini, na nauli ya kuzisafirisha.